Nilivyobadili rai yangu juu ya mashairi huru

Mkarafuu, Wete (mwanzisha uzi)

Assalamu alaykum wanajukwaa.

Kwa zaidi ya miaka 20 nimekuwa nikifundisha Kiswahili katika skuli za Pemba, na kwa sehemu kubwa ya muda huo nimewaambia wanafunzi wangu kwamba utungo usio na vina (silabi za mwisho zinazofanana) wala mizani (hesabu ya silabi katika mshororo) si shairi, bali ni insha iliyokatwakatwa. Humu jukwaani nako nimeyasema hayo, na wapo wanaoukumbuka ukali wangu. Kwa kuwa hukumu ile niliitoa hadharani, naona ni haki nije niitengue hadharani vilevile, na nieleze nilivyofika huku, maana sikufika kwa siku moja wala kwa kusoma kitabu kimoja.

Aliyenifundisha kutunga ni ami yangu, Allah amrehemu. Baada ya sala ya alasiri alikuwa akikaa barazani, ananipa mshororo, nami nauhesabu kwa kupitisha kidole gumba juu ya pingili za vidole vingine mpaka nifike mizani ya nane, pale ukwapi, nusu ya kwanza ya mshororo, unapokwisha na utao, nusu ya pili, unapoanza. Nikiisahau "m" ya "mtu", ambayo ni mizani kamili peke yake, hakunikemea; alinirudisha mwanzo tu, nikahesabu upya. Alikuwa na nakala iliyochakaa ya Sheria za Kutunga Mashairi ya Sheikh Kaluta Amri Abedi, kitabu kilichotoka mwaka 1954, na humo ndimo nilimojifunza kwamba shairi ni wimbo, na kwamba lisiloimbika halina maana. Kauli hiyo niliishika barabara.

Nilipokutana na Kichomi cha Euphrase Kezilahabi, kitabu cha mashairi huru kilichochapishwa mwaka 1974, nilikuwa kidato cha tano. Nilikiazima, nikakifunga kabla sijafika katikati. Hoja niliyokuwa nayo ilikuwa moja, nayo niliirudia kwa miaka mingi: mwandishi huyu ametoka Ukerewe, kisiwa cha ziwani, ushairi wa mwambao hakuupata kwa wazee wake, na kilichomshinda amekigeuza kuwa mtindo. Nasikitika kwamba niliwafundisha vijana hivyo.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Miaka 11 iliyopita niliwapa wanafunzi wa kidato cha tatu kazi ya kutunga beti tatu juu ya msiba. Msichana mmoja alileta mistari michache tu, nami nikaandika chini yake kwa wino mwekundu "Hili si shairi", nikampa sifuri. Mistari yenyewe ni hii, na ninaiweka hapa kwa idhini yake:

Nyavu zake zimeanikwa tangu kusi.
Zimekauka.
Mama
hazikunji.

Palikuwa na mstari mmoja zaidi mwishoni, lakini niliukata kwa nguvu hadi karatasi ikatoboka, na hausomeki.

Daftari lile lilibaki kwangu pamoja na mengine ambayo wenyewe hawakurudi kuyachukua. Miaka mitano baadaye binamu yangu alikwenda kuvua na hakurudi. Nilimtungia beti 12, zikasomwa baada ya hitima, na watu wakanishika mkono wakasema nimewatoa machozi. Ubeti wa kwanza ulikuwa hivi:

Baharini alikwenda, ndugu yangu masikini,
Mashua ikampinda, kwa mawimbi ya kusini,
Nasi sote twampenda, nawambia kwa yakini,
Lini atarudi Wete, lini twamwona nyumbani?

Hesabuni mtakavyo, hamtapata kosa: nane kwa nane, kina cha kati "nda" katika mishororo mitatu ya mwanzo, kina cha mwisho "ni" mpaka kwenye kituo, yaani mshororo wa mwisho. Lakini siku nilipokuwa nikipanga madaftari ya zamani, nikalifungua lile la msichana na kusoma mistari yake minne, nilirudi kwenye ubeti wangu nikauona kwa jicho jingine. Mashua haimpindi mtu. Neno "ikampinda" sikuliandika kwa sababu ya binamu yangu. Niliandika kwa sababu nilikuwa nikitafuta "nda". "Nawambia kwa yakini" ni mizani nane ambazo hazikumwambia mtu kitu chochote. Na "masikini" nimelitumia katika kila msiba niliowahi kuutungia shairi, kwa kuwa linakaa vizuri mwisho wa mshororo na lina "ni" yake tayari.

Msichana yule hakuwa na neno la kujazia. Ameandika nyavu, msimu wa upepo wa kusi na mama. Na "Mama" amemweka peke yake kwenye mstari. Nilipousoma utungo ule kwa sauti, pumzi yangu ilisimama pale, kwa sababu mstari umekwisha na maneno bado. Nikasubiri kusikia mama amefanya nini, na kilichokuja ni kile ambacho mama hakifanyi. Hapo nilihesabu, kwa mazoea ya pingili za vidole: mizani 13, kisha 5, kisha 2, kisha 4. Mistari inapungua mpaka inabaki "Mama", halafu sauti inainuka kidogo na kukatika. Mtoto wa kidato cha tatu alikuwa amepima, ila hakupima kwa kipimo changu, nami nikamwambia hakupima.

Nitaendelea baada ya sala, maana hili ni refu.

Mkarafuu, Wete (mwanzisha uzi)

Naendelea.

Baada ya siku ile nilianza kuzipekua upya hoja zangu za zamani, na ya kwanza kunivunjikia mkononi ni ile ya bara na pwani. Sheikh Amri Abedi, ambaye kanuni zake nilizifanya kuwa ngome ya mwambao, alizaliwa Ujiji, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika. Kwa upande wa pili, Ebrahim Hussein, aliyeandika "Ngoma na Vailini", mojawapo ya mashairi huru ya mwanzo yaliyojulikana sana, ni mtu wa Kilwa. Alamin Mazrui, mwenye diwani ya Chembe cha Moyo ya mwaka 1988, ni mwana wa Mombasa, tena wa ukoo ulioitawala Mombasa. Na Said Ahmed Mohamed ni wetu, mzaliwa wa Unguja, ambaye tangu Sikate Tamaa ya mwaka 1980 hadi Jicho la Ndani ya mwaka 2002 ametunga kwa arudhi, yaani kanuni za vina na mizani, na ametunga nje ya arudhi. Huwezi kusema kwamba hawa hawakunyonya ushairi wa pwani.

Hoja yangu ya pili ilikuwa kwamba vina na mizani ndivyo vilivyokuwepo tangu asili. Hapa nilikuwa nimechanganya mambo. Shairi la mishororo minne, mizani 16 kwa mshororo, ambalo sisi tunaliona kuwa ndilo shairi lenyewe, lilipata nguvu kubwa kwa Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, na Muyaka alilitumia kusema habari za vita, biashara na mambo ya mjini, ambazo kabla yake hazikuwa ndio shughuli kuu ya tungo zilizoandikwa. Utendi wa Tambuka wa mwaka 1728 una vipande vya mizani nane. Al-Inkishafi ina mizani kumi. Na juu ya yote hayo zipo tumbuizo, nyimbo za kale, pamoja na zile zinazonasibishwa na Fumo Liyongo, shujaa na mshairi wa kale wa pwani, ambazo urefu wa mishororo yake haufungwi kama wa shairi. Hapa kwetu Pemba tuna kibati, ambacho watu wawili wanajibizana kwa maneno ya papo kwa papo, ya kasi, na mstari unarefuka au kufupika kadiri ya jibu linavyotaka. Kumbe bahari zetu, yaani aina za tungo zetu, ni nyingi, na baadhi yake hazina uzio nilioupigania.

Hayo ndiyo niliyonayo. Nakaribisha wenye kuyapinga, khasa wale tuliokuwa upande mmoja.

Kusi, Mkoani

Wa alaykum salaam, maalim wangu. Mimi ni katika wale uliokuwa nao upande mmoja, na bado nipo. Nimesoma maneno yako kwa makini kwa sababu ya heshima yangu kwako, na ubeti wako wa hitima nimeukubali kuwa na maneno ya kujazia. Lakini kosa hilo ni la mtungaji, si la bahari. Mtu akiezeka nyumba ikavuja, hatuvunji makuti yote ya Pemba.

Hoja yangu ni kumbukumbu. Marehemu bibi yangu hakujua kusoma herufi za Kirumi, lakini Utendi wa Mwana Kupona, ambao Mwana Kupona aliutunga mwaka 1858 kumuusia bintiye, alikuwa nao kifuani karibu wote. Nilipokuwa mdogo nilimsikia akiughani huku akichambua karafuu usiku, mkono mmoja umeshika kikonyo, mwingine unazipukuchua karafuu kwenye jamvi, na kila akisahau neno alikuwa akisita, akirudia vipande viwili vya nyuma, na kina kinamletea neno lililopotea. Hiyo ndiyo kazi ya kina, maalim. Kinalinda maneno yasiibwe na usahaulifu. Mtu asiye na kitabu, asiye na taa, anabaki na shairi lake. Sasa nani aliyekihifadhi Kichomi? Nani anayeweza kukisoma gizani?

Na kama unasema vina vinamfunga mtungaji, mtazame Abdilatif Abdalla, aliyekaa gerezani kuanzia mwaka 1969 hadi 1972, akatunga humo mashairi ya Sauti ya Dhiki, yaliyochapishwa mwaka 1973. Mtu aliyefungwa na serikali hakuona kwamba vina vinamfunga. Au mtazame mzee wetu Haji Gora Haji wa Tumbatu, Allah amrehemu, ambaye Kimbunga chake kimesomwa skuli, na ambaye aliyasema yote aliyotaka kuyasema ndani ya arudhi.

Mkarafuu, Wete (mwanzisha uzi)

Kaka yangu Kusi, hoja ya kumbukumbu ndiyo hoja niliyokuwa nikiiogopa, na nakiri kwamba sina jibu la kuiangusha. Ulivyomweleza bibi akirudi vipande viwili nyuma ili kina kimletee neno ndivyo hasa nilivyomwona mama yangu. Utenzi wa kuusia, wa kusimulia historia, wa kufundisha dini, siuoni ukitungwa bila ya mizani, na mimi mwenyewe nikiombwa utenzi kesho nitatunga kwa mizani nane.

Ninaloweza kukwambia ni la kwangu binafsi. Beti zangu 12 za hitima nilizisahau, na juzi nililazimika kutafuta karatasi ili niunakili ule wa kwanza hapa. Mistari minne ya yule msichana sikuwahi kuihifadhi kwa makusudi, na sikuisahau. Sidai kwamba hii ni kanuni. Nadai kwamba kina si mlinzi pekee wa maneno. Picha nayo inalinda. Ukiona nyavu zilizokauka na mwanamke asiyezikunja, huhitaji kina kikukumbushe kinachofuata.

Kuhusu Sauti ya Dhiki, nakubaliana nawe kwa ukamilifu. Sikusema kwamba vina vinafunga, na naomba nisieleweke hivyo. Vitabu viwili vile, hicho cha mwaka 1973 na Kichomi cha mwaka 1974, mimi niliishi nikidhani kwamba lazima nichague kimoja nikikatae cha pili. Sasa ninavyo vyote viwili kwenye rafu moja.

Binti wa Kusini, Makunduchi

Maalim, shikamoo. Mimi ni mtungaji wa mashairi huru, kwa hiyo ungetegemea nifurahi. Nimefurahi, lakini nina neno la kukusahihisha, na naomba unistahamilie kwa kuwa mimi ni mdogo kwako.

Umekitaja kibati kama ushahidi kwamba wazee wetu walikuwa na tungo zisizo na uzio. Kibati kina ngoma, maalim. Anayesema katika kibati anasema juu ya mdundo, na ngoma ndiyo inayompimia. Akichelewa, ngoma inamwacha, na wanaoitikia wanaingia kabla hajamaliza. Tumbuizo nazo zilikuwa na sauti ya kuimbiwa. Huku kwetu wakati wa Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya, wanawake wanapita wakiimba, na ukiyaandika maneno yao kwenye karatasi utaona mistari haiko sawa, mmoja mrefu, mmoja mfupi. Lakini ukiwa umesimama pale njiani husikii upungufu wowote, kwa kuwa miguu na makofi vinajaza pale maneno yalipopunguka. Kwa hiyo tungo hizo zina kipimo, ila kipimo chake kiko nje ya maneno. Ukisema kwamba shairi langu la kwenye karatasi ni ndugu wa kibati, utakuwa umenisingizia. Mimi sina ngoma. Nikiandika mstari mfupi, hakuna makofi yatakayonijazia. Ni mimi na karatasi nyeupe.

Na ndiyo maana nawaonea huruma baadhi ya vijana wenzangu. Wanachukua sentensi ya kawaida, kila neno wanalishusha mstari wake, wanasema ni shairi huru. Ukiwauliza kwa nini umekata hapa na hukukata pale, hawana jibu. Shairi la mwanafunzi wako lina jibu, kwa sababu ukiandika "Mama hazikunji" kwenye mstari mmoja, unapata taarifa tu. Hapo ndipo mimi ningependa tuzungumzie, badala ya kutafuta mababu wa kutuombea radhi.

Mkarafuu, Wete (mwanzisha uzi)

Marahaba, mwanangu. Umenisahihisha, nami nimesahihika. Nilikitazama kibati kwa macho ya daftari, nikaisahau ngoma, na mtu wa Pemba hana udhuru wa kuisahau ngoma.

Lakini ulivyoliweka jambo hili umenisaidia kuliona vizuri zaidi kuliko nilivyoliona mwenyewe. Utungo wa arudhi umebeba ngoma yake ndani ya maneno: mizani ndiyo mapigo, kina ndicho kibwagizo kidogo. Tumbuizo na kibati vimeegemea ngoma iliyo nje. Mtungaji wa shairi huru hana hii wala ile, kwa hiyo imebidi atafute cha kushika, na nadhani alichoshika ni pumzi ya msomaji, yaani mahali inapokatika na mahali inapolazimishwa kungoja. Kama ndivyo, kazi yake si nyepesi kuliko ya ami yangu. Ami yangu alikuwa na vidole vya kumwambia kwamba amekosea. Wewe nani anakwambia?

Binti wa Kusini, Makunduchi

Masikio, maalim. Ninasoma kwa sauti, mara nyingi, tena mbele ya mtu ambaye hajui nilichoandika. Kwangu ni dada yangu, ambaye hana habari na ushairi kabisa. Nikifika mahali nilipokata mstari na yeye akaendelea kupika bila ya kuinua uso, najua nimekata bure. Akisita na mwiko mkononi, nauacha mstari ulivyo.

Msomaji wa Mchangani

Nimewafuatilia tangu mwanzo, na naomba niingie kwa jambo moja linalohusu skuli, kwa kuwa na mimi ni mwalimu, huku Unguja.

Wanafunzi wetu wanafundishwa kwamba shairi la kisasa ni lile "lisilozingatia urari wa vina na mizani". Wanalikariri hilo, wanalijibu kwenye mtihani, wanapata alama zao. Tazameni lilivyo: ni maelezo ya kitu kwa kutaja kisichokuwa nacho. Mtoto anajua kwamba halina vina, halina mizani, huenda halina idadi maalumu ya mishororo, na akishamaliza kuyataja hayo hajui lina nini. Ndiyo sababu akitakiwa kutunga shairi huru anaondoa vitu tu, anaondoa kina, anaondoa mizani, na mwishoni anaandika sentensi zilizokaa kama ngazi. Sikubaliani na wanaowalaumu watoto. Tumewafundisha kuondoa, hatujawafundisha kuweka.

Majina tuliyoyapa nayo yanasaidia upotofu huo. Tulianza kwa kuyaita "guni", na guni kwa wazee ni shairi lililokosewa, ambalo mwenyewe alitaka kufuata kanuni akashindwa. Mtu aliyekusudia njia nyingine hajakosea njia yako. Wengine wakasema "masivina", jina ambalo nalo limejengwa juu ya kukosa. Kezilahabi mwenyewe alieleza kwamba alitaka kutumia lugha ya kawaida, ile ambayo watu wanazungumza kila siku, na hilo ni jambo analoliweka ndani ya shairi. Lakini katika madarasa yetu lugha hiyo ya kila siku haitajwi. Kinachotajwa ni vina vilivyokosekana.

Kusi, Mkoani

Maneno ya mwalimu wa Mchangani yamenigusa, na ninataka niwe mkweli. Sijabadili rai yangu kama alivyobadili maalim. Bado nikisikia shairi bila ya kina nahisi kama nimekaribishwa chai isiyo na sukari. Hata hivyo, nimeisoma ile mistari minne kwa mke wangu jana usiku. Alikuwa akimlaza mtoto. Aliuliza, "Mama yake nani?" Sikuwa na jibu, nikamwambia sijui, labda ni mama wa yule mvuvi, labda ni mkewe ambaye mtunzi anamwita mama kwa kuwa ndiye mama yake. Tukakaa tukilizungumza jambo hilo kwa muda mrefu. Na maalim, ninakuuliza wewe uliyemfundisha: ni nani?

Mkarafuu, Wete (mwanzisha uzi)

Kaka yangu, swali hilo sikuwahi kumuuliza, kwa kuwa wakati ule niliona hakuna utungo wa kuuliziwa swali. Ningekuwa na akili ya sasa ningemuuliza darasani, mbele ya wenzake, na pengine tungejifunza sote. Badala yake alikaa na sifuri yake, na ninakumbuka kwamba mwaka ule hakunyoosha mkono tena katika kipindi changu. Hilo ndilo linaloniuma katika habari hii yote, zaidi ya kukosea hoja kuhusu Ujiji na Kilwa.

Ila ninalo la kuwaeleza. Nilipomtafuta kumwomba idhini ya kuiweka mistari yake humu, nilimpigia simu kwa kupitia kwa jamaa zake. Sasa ni mtu mzima, ana watoto wawili, anaishi Unguja. Nilimwomba msamaha. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Maalim, mimi nilishasamehe zamani, lakini shairi hukuliandika lote." Nikamwambia kwamba mstari wa mwisho niliukata kwa wino na hausomeki. Akasema yeye anaukumbuka, ila hakutaka kuutaja kwenye simu, ataniandikia.

Jana ujumbe wake umefika. Ameniandikia pia, bila ya mimi kumuuliza, kwamba nyavu zilikuwa za baba yake, na kwamba wakati anaandika alikuwa bado hajamwambia mtu yeyote skuli kwamba baba hajarudi. Kwa hiyo, kaka Kusi, huyo ni mama yake mwenyewe, na shemeji yangu aliyekuwa akimlaza mtoto aliuliza swali sahihi kuliko mimi.

Mstari niliokuwa nimeukata unahusu upepo, ule wa msimu unaofuata baada ya kusi. Kwanza niliuona umezidi, nikadhani utungo ulikuwa umekwisha vizuri kwenye "hazikunji", na kwa muda nilitamani ungebaki umefutika. Nimeusoma kwa sauti asubuhi hii mara nyingi, kama alivyofundisha binti wa Makunduchi, mara ya mwisho mbele ya mke wangu aliyekuwa akianua nguo uani. Alisimama na nguo mkononi. Nauweka kama mwenyewe alivyouandika:

Nyavu zake zimeanikwa tangu kusi.
Zimekauka.
Mama
hazikunji.
Kaskazi imeingia.